Meza ya Kushindilia Gobori: Kipimo na Mpango katika Matumizi ya Baruti

Gobori ni bunduki ijazwayo kwa mdomo. Baruti humiminwa kupitia ncha ya mtutu, risasi hufuata, kisha vyote viwili husukumwa kwa mdeki hadi vishikamane chini kabisa. Katika bunduki za kisasa kazi hii hufanyika kiwandani: baruti hupimwa kwa mashine, risasi hubanwa katika ganda lake, na fataki hukaa mahali pake kabla bunduki haijafika mikononi mwa mtu. Mtumiaji wa gobori hana msaada huo. Kila anapotaka kupiga mara moja, hana budi yeye mwenyewe kuwa kiwanda cha risasi moja.

Hii ndiyo sababu watu wanaoshindana kupiga shabaha za mbali kwa magobori, katika nchi ambazo mchezo huo umeruhusiwa, huthamini sana kifaa ambacho mtazamaji aghalabu hukidharau. Kifaa hicho ni meza ndogo ya kukunjwa, ibebwayo kwa mkono hadi uwanjani na kusimamishwa nyuma ya mstari wa kupigia. Haiongezi nguvu ya baruti wala haimfundishi mtu kulenga. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba shindilio la kumi linafanana na la kwanza, na kwamba hakuna hatua iliyorukwa au kurudiwa.

Makala haya yanaeleza jinsi meza hiyo inavyoundwa na sayansi inayoitawala. Lakini hapana mahali pafaapo zaidi kuanzia maelezo hayo kuliko Tabora, ambako gobori lilishiriki kuamua mambo ya biashara, vita na utawala katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Baruti begani mwa mpagazi

Burton na Speke walipofika Kaze, katika nchi ya Unyanyembe, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia ya misafara imekwisha kukomaa. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaendelea hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mizigo iliyoteremka pwani ilikuwa hasa pembe za ndovu. Iliyopanda bara ilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na vipipa vya baruti.

Bunduki hizo ziliongezeka kwa sababu iliyotokea mbali sana na Unyamwezi. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha magobori na kuchukua bunduki za kutiwa risasi kwa nyuma. Silaha nyingi zilizoachwa ziliuzwa kwa bei ndogo, na sehemu yake ikaletwa Afrika. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita bandarini humo kila mwaka.

Tatizo ni kwamba bunduki ya kushindilia haitoshi peke yake. Huhitaji baruti iliyo kavu na yenye chembe zilizo sawa. Kipipa kilichopandishwa na kushushwa mabegani kwa miezi kilitikiswa kila siku. Chembe zikasuguana, nyingine zikasagika kuwa vumbi. Baruti iliyosagika huungua upesi kuliko iliyo na chembe kubwa, hivi kwamba kijazo kile kile kilichotekwa juu ya kipipa hakikuwa na tabia moja na kilichotekwa chini. Mvua nazo zilitia unyevu. Isitoshe, baruti nyingi iliyotengenezwa kwa ajili ya biashara ya Afrika ilikuwa hafifu, na mtu aliyezoea kuongeza kipimo ili kufidia uhafifu huo aliweza kuupasua mtutu siku alipopata baruti kali.

Si baruti yote iliyotumika vitani. Misafara ilikuwa na desturi ya kufyatua bunduki ilipokaribia mji, ili wenyeji wajue kwamba wageni wanakuja kwa amani. Msafara wa Stanley ulifanya hivyo ulipoingia Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Kwa kazi ya kutoa mlio, kipimo cha kukisia kilitosha kabisa.

Vitani mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, pamoja na Stanley na watu wake, walikwenda kupigana na Mirambo. Walikiteka kijiji cha Wilyankuru, lakini waliporudi wakiwa wameelemewa na pembe na mateka, watu wa Mirambo waliwavamia kutoka katika majani marefu ya kando ya njia. Mahali pa karibu namna hiyo aliyekwisha kupiga gobori lake hana wakati wa kulishindilia tena, na mkuki hupata thamani yake kamili. Mirambo alikuwa na bunduki pia, lakini ushindi wake wa siku hiyo ulitegemea kuchagua mahali na wakati ambapo udhaifu wa gobori ungemwelemea adui.

Sheria iliyotazama mlango wa bunduki

Mataifa ya Ulaya yalifahamu vema tofauti kati ya bunduki ya kushindilia na ile ya kutiwa risasi kwa nyuma. Katika Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalikubaliana kuzuia uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Bunduki zenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu, na zile za kujazwa nyuma, zilibanwa kwa masharti makali. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa kibali cha watawala. Kwa maneno mengine, mwenyeji angeweza kuachiwa silaha ambayo kila shindilio lake huchukua muda na ambayo haina uhakika wa shabaha ya mbali.

Matokeo yake yalionekana Tabora mapema. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa na boma lenye kuta nene na akiba kubwa ya baruti. Mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 hayakuliangusha. Mwezi wa Januari 1893 jeshi lililoongozwa na Tom von Prince lilifaulu kuingia. Isike alikwenda katika ghala lake la baruti akalilipua, asije akakamatwa. Wajerumani walimkuta bado hajafa, wakamnyonga.

Kisayansi, baruti iliyolipuka ghalani humo haikuwa na tofauti na ile iliyotiwa kwa kipimo katika mtutu. Kilichotofautiana ni wingi wake na ukaribu wake na moto. Kanuni zote za meza ya kushindilia zinatokana na mambo hayo mawili, na la tatu ni kumbukumbu ya binadamu.

Kinachotokea ndani ya mtutu

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, na shura ndiyo sehemu kubwa. Inapowashwa, shura hutoa oksijeni inayounguza makaa na kiberiti bila ya kungoja hewa ya nje. Gesi moto hutokea kwa ghafla, nazo huisukuma risasi. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki kuwa gesi. Hubaki kama moshi mzito na masizi yanayoganda katika mtutu.

Masizi hayo ndiyo adui wa mshindani. Wakati wa kiangazi, kama ule wa Tabora kati ya Mei na Oktoba, hewa kavu huyafanya magumu, na risasi ya pili hupita kwa shida kuliko ya kwanza. Wakati wa masika hunyonya unyevu na kuanza kuuozesha mtutu. Kwa hiyo mtutu hupanguswa kila baada ya kupiga, na risasi hupakwa mafuta mazito ili masizi yabaki laini. Nta ya nyuki, ambayo Tabora ni maarufu kwayo, imetumika kwa kazi hii mahali pengi duniani, ikichanganywa na mafuta ya wanyama.

Jambo la pili ni mshikamano. Risasi ikisimama njiani, ikaacha nafasi tupu kati yake na baruti, mgandamizo wa gesi hauenei ipasavyo, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana mdeki wa mtu mwangalifu una alama mbili. Ya kwanza huonyesha mahali unapofika mtutu ukiwa mtupu, na ya pili mahali unapofika risasi ikiwa imekaa sawasawa juu ya baruti iliyopimwa. Kwa alama hizo mtu hujua yaliyomo ndani bila kuchungulia mdomoni, jambo ambalo halifai kufanywa kamwe.

Jambo la tatu ni kusahau. Baada ya vita vya Gettysburg, huko Marekani, mwezi wa Julai 1863, bunduki 27,574 ziliokotwa uwanjani. Yapata 24,000 zilikuwa bado zimejazwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na mashindilio mawili, moja juu ya jingine. Wenye bunduki hizo walikuwa askari waliofunzwa. Katika kelele na hofu hawakutambua kwamba shindilio la kwanza lilikuwa halijatoka.

Hesabu ya umbali

Kwa nini kipimo kidogo cha baruti kiwe na maana kubwa? Risasi yoyote huanza kuanguka mara tu inapotoka mtutuni. Tukiacha kando upinzani wa hewa, risasi iendayo mita 400 kwa sekunde huchukua robo ya sekunde kufika mita 100, na katika muda huo huanguka sentimita 31 hivi. Tuseme shindilio la pili lina baruti pungufu kidogo, na mwendo umepungua kwa asilimia 1, yaani mita 396 kwa sekunde. Katika mita 100 tofauti ya kuanguka haizidi milimita 7. Hakuna mwindaji atakayeitambua.

Peleka shabaha hiyo mita 900. Risasi ya kwanza itachukua sekunde 2.25 na kuanguka mita 24.8. Ya pili itachukua sekunde 2.27 na kuanguka mita 25.3. Tofauti imekuwa nusu mita. Umbali umeongezeka mara 9, lakini kosa limeongezeka mara 81, kwa kuwa kuanguka hufuata mraba wa muda. Upinzani wa hewa hulizidisha kosa hili zaidi.

Hesabu hii yaeleza kwa nini kukisia kulitosha porini na hakutoshi katika mashindano. Mnamo tarehe 26 Septemba 1874, miaka mitatu baada ya vita vya Wilyankuru, timu za Ayalandi na Marekani zilishindana Creedmoor, karibu na New York, katika umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Waayalandi walitumia magobori yenye mifereji, yaliyotengenezwa na Rigby wa Dublin. Wamarekani walitumia bunduki za kujazwa nyuma. Wamarekani walipata pointi 934 na Waayalandi 931. Mmoja wa Waayalandi alipiga katikati kabisa ya shabaha, lakini shabaha yenyewe haikuwa yake. Pointi 4 alizopoteza zilizidi tofauti ya timu mbili. Gobori lililoshindiliwa kwa kipimo lilikuwa sawa kabisa na silaha mpya, na mpango wa binadamu ndio uliokosea.

Kuunda meza

Tangu mwaka 1971 vyama vya wapiga shabaha kwa magobori vimekuwa na kamati yao ya kimataifa, na meza za namna mbalimbali huonekana katika viwanja vyao. Msingi wake ni mmoja, na seremala yeyote wa Tabora anaweza kuunda meza hiyo.

Uso wa meza ni ubao wa sentimita 60 kwa 40, wenye unene wa sentimita 2. Mninga unafaa sana, kwa kuwa ukishakauka haupindi wala hausinyai sana. Kwa uzito wa yapata kilo 640 kwa kila mita ya ujazo, ubao huo utakuwa na kilo 3 hivi. Pamoja na miguu meza nzima haitafika nusu ya frasila.

Miguu mitatu inatosha. Nukta tatu daima hukaa katika bapa moja, hivyo meza ya miguu mitatu haichezi hata ardhi ikiwa na mawe, ilhali ya miguu minne hutafutiwa kigae cha kutegeshea. Miguu itanuliwe kwa nje ili meza isipinduke, na ifungwe kwa bawaba na pini ili ikunjwe chini ya ubao. Urefu uwe wa kiunoni, sentimita 85 hivi.

Ukingoni mwa ubao hukatwa pengo la nusu duara, likavikwa ngozi. Hapo mtutu huegemea wakati kitako cha bunduki kimesimama chini juu ya kipande cha mkeka. Pengo lielekezwe ili mdomo wa mtutu uwe mbali na uso wa mshindiliaji na wa jirani yake. Kamba fupi ya ngozi huuzuia mtutu usianguke upepo ukivuma.

Juu ya meza huwekwa gogo dogo lenye matundu yaliyopangwa safu mbili. Safu ya kwanza ni ya vijaluba vyembamba vyenye vizibo, kila kimoja kikiwa na baruti ya shindilio moja iliyopimwa nyumbani kwa utulivu. Safu ya pili ni ya risasi zilizokwisha kupakwa nta. Chupa au pembe ya baruti haifiki mezani kamwe. Baruti ikimiminwa kutoka katika chombo kikubwa, na cheche moja imebaki katika masizi ya mtutu, moto hupanda hadi chombo chote. Kutoka katika kijaluba huungua kipimo kimoja tu.

Kijaluba kilichomiminwa hurudishwa tunduni kichwa chini. Kitendo hiki kidogo ndicho dawa ya maradhi ya Gettysburg. Mtu akisemeshwa, akageuka na kusahau alipofika, meza humkumbusha: kijaluba kimepinduliwa lakini risasi yake ingalipo, basi baruti imo na risasi haijaingia. Kisha mdeki, kwa alama zake mbili, huthibitisha.

Fataki hazina nafasi mezani. Hukaa katika kikopo chenye kifuniko kwenye mstari wa kupigia, na huvikwa bunduki inapokuwa imekwisha kuelekezwa kwenye shabaha. Kwa njia hiyo baruti na kiwashio havikutani mpaka dakika ya mwisho. Parafujo za meza ziwe za shaba na vichwa vyake vizamishwe. Kingo za ubao ziinuliwe kidogo ili kitu kisiviringike, na baruti iliyomwagika ipanguswe kwa kitambaa kibichi papo hapo.

Jaribio la darasani

Kanuni ya kipimo inaweza kuonyeshwa shuleni bila baruti. Chukueni mchanga mkavu uliochekechwa, kifuniko cha chupa na mizani nyepesi. Kwanza, jazeni kifuniko kwa kuchota ovyo mara kumi, mkipima na kuandika uzito wa kila mara. Pili, jazeni mara kumi kwa kumimina polepole kutoka urefu ule ule, mkigonga kifuniko idadi ile ile ya mara, kisha mkisawazisha kwa rula. Tafuteni tofauti kati ya uzito mkubwa na mdogo katika kila kundi. Wanafunzi wataona kwamba chombo kimoja kilitoa vipimo viwili vya uaminifu, na kwamba tofauti ilitokana na mpango wa mkono. Jaribio hilo linahusu pia dawa, mbegu na mbolea.

Ni lazima isisitizwe kwamba nchini Tanzania kumiliki gobori bila kibali ni kosa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Magobori yanayochongwa kwa siri kutokana na mabomba ni hatari kwanza kwa mwenye kuyashika. Bomba la maji halikutengenezwa kustahimili mgandamizo wa baruti, na hakuna meza wala kipimo kitakachoondoa kasoro hiyo.

Hata hivyo meza yenyewe haina hatia. Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, ipo tembe ya makumbusho pale Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872. Meza kama hii, yenye vijaluba vya mchanga na mdeki wenye alama mbili, ingefaa kuwekwa mbele ya wanafunzi wanaozuru mahali kama hapo. Mtoto akimimina, akishindilia na kuhesabu kwa saa ya mkononi, atafahamu kwa mikono yake kwa nini watu wa Mirambo walingoja katika majani marefu, na kwa nini mataifa yaliyokutana Brussels yalijali sana mlango ambao risasi huingilia.